Mashine Moja kwa Kila Taka?

Wauzaji wa mashine za kukatakata taka hupenda kuonyesha tairi, godoro na pipa la plastiki vikitumbukizwa mdomo ule ule na kutoka vipande. Si uongo. Mashine ya shafti mbili, yaani mihimili miwili yenye visu, huzunguka polepole, kwa kawaida chini ya mizunguko 100 kwa dakika, na visu vyake vyenye ndoano huinasa taka na kuivuta chini vyenyewe. Ikielemewa, shafti hurudi nyuma kidogo, kisha hujaribu tena. Penye taka mchanganyiko, ustahimilivu huo ni mtaji.

Tatizo liko kwenye kinachotoka. Vipande huwa virefu, havilingani, na anayetaka kuyeyusha plastiki hawezi kuvitumia hivyo. Hapo ndipo watetezi wa mashine ya shafti moja wanaposhinda hoja: kisukumio cha haidroliki huukandamiza mzigo kwenye rota, yaani shafti hiyo yenye visu, na chini kuna chujio, kipande hakitoki mpaka kipenye tundu. Ila usahihi huo una bei yake. Nati moja nene iliyojificha kwenye mzigo inaweza kuvunja kisu, na plastiki inayozungushwa muda mrefu hupata joto la msuguano, ikalainika na kuziba matundu.

Nailoni nyepesi ndiyo mtihani wenyewe. Ikimwagwa bila kusukumwa, huelea juu ya rota bila kukatwa. Ikisukumwa kwa visu butu, haikatiki bali hujiviringisha kwenye shafti, tabaka juu ya tabaka, mpaka mashine izimwe na fundi aingie na kisu cha mkono kuichana.

Mashine za nyundo, ambazo huzunguka kasi zaidi, hufaa kwa vinavyovunjika, kama kioo. Mpira mzima wa tairi hunyonya pigo. Huo unataka kukatwa, tena ni bora waya nene wa ukingo ung'olewe kwanza, maana hula visu.

Kwa hiyo mnunuzi anayeanza na nguvu za mota, kwa maoni yangu, ameanzia pabaya. Aanze na jinsi mzigo unavyoingia na nani anaukagua. Sumaku juu ya mkanda unaopeleka taka kwenye mashine hunasa chuma, haigusi alumini. Na betri ya lithiamu haina shafti inayoimudu: ikitobolewa huweza kuwaka papo hapo, katikati ya karatasi na plastiki, kwa hiyo lazima itolewe kabla mkanda haujafika mdomoni.