Almasi ya kubeba kemo: ile asilimia 0.7 inasomwa vibaya

Kila zikitajwa chembe za almasi za kubeba dawa ya kansa watu wanagawanyika fasta. Kuna wanaoshangilia kama vile tiba imeshapatikana, na kuna wanaotupia ile namba ya 2016, ya watafiti wa Toronto waliopitia tafiti za wanyama za miaka kumi wakakuta kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya nano, yaani chembe ndogo mno za kubebea dawa, zinazochomwa kwa sindano ndo inafika kwenye uvimbe, wakishaitupia basi wamefunga mjadala. Namba ni ya kweli. Ila nadhani inajibu swali lingine kabisa.

Almasi yenyewe sio ya Mwadui, hakuna anayesaga mawe ya pete. Wanalipua baruti za TNT na RDX ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, kaboni ya baruti inakandamizwa kwa joto na presha, kinachobaki ni masizi meusi na ndani yake kuna punje za almasi za kama nanomita 5 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Wasovieti waliligundua hilo 1963. Kwahiyo wanaosema ni tiba ya matajiri kwa sababu ya neno almasi, wapunguze kidogo.

Dawa iliyojaribiwa sana nayo ni doksorubisini, ile nyekundu. Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa anaijua. Shangazi yangu alikuwa anachomwa taratibu, nesi kashika bomba la sindano mkononi, dripu inakimbia pembeni, macho hayatoki kwenye mshipa maana dawa ikivuja nje inaunguza nyama, halafu akifika nyumbani mkojo unatoka mwekundu, siku ya kwanza alilia akajua ni damu. Na hayo ndo madogo. Kubwa ni moyo. Dawa hii mtu ana kiwango chake cha maisha yote, kama miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, ukikaribia hapo daktari anasimamisha kwa kuogopa moyo kufeli, hata kama uvimbe ulikuwa unasinyaa vizuri. Yaani dawa inakubali, mgonjwa anaona nafuu, halafu anaambiwa hii basi tena. Na kansa ikirudi miaka mitatu mbele, silaha iliyofanya kazi haipo mezani.

Sasa 2011 kundi la mtafiti Dean Ho, akiwa Marekani, lilibandika dawa hiyohiyo kwenye punje za almasi likawapa panya wenye uvimbe sugu wa ini na wa titi. Seli sugu zina pampu zinazotema dawa nje, lakini dawa iliyong'ang'ania almasi haitemwi kirahisi, ikakaa zaidi. Kwenye dozi ya juu, panya waliopewa dawa tupu walikufa, waliopewa kiwango hichohicho kikiwa kwenye almasi waliishi na uvimbe ukapungua.

Hapo ndo narudi kwenye 0.7. Dawa tupu nayo ikiingia mshipani inazagaa mwili mzima, moyo ukiwemo, hakuna kemo inayokwenda moja kwa moja kwenye uvimbe kama bodaboda aliyepewa lokesheni. Swali ni ile 99.3 iliyobaki inafanya nini huko ilikoishia, imeachia sumu yote kwa mkupuo au bado imeshikwa? Panya wale walioishi wananiambia kushikwa kuna maana yake.

Wanaopinga wana hoja nzito pia, siwezi kuikwepa. Sehemu kubwa ya hiyo 99.3 inaishia kwenye ini na bandama, na almasi haiyeyuki mwilini. Punje ya nanomita 5 figo zingeweza kuichuja, ila zinapenda kugandana zinakuwa donge kubwa. Tena toka 1995 Marekani wana doksorubisini iliyofungwa kwenye vifuko vya mafuta, inayouonea moyo huruma na inavunjika yenyewe, japo bei yake iko juu sana kuliko ile ya kawaida. Na kwa binadamu, jaribio la nanoalmasi la 2017 lilikuwa la kuziba mizizi ya meno, wagonjwa watatu, sio kansa.

Kwahiyo mimi sidai ziingie wodini kesho. Nataka zisiuliwe na 0.7. Kama ni kuzikataa, zikataliwe kwa ini, mtu afuatilie wanyama muda mrefu baada ya sindano ya mwisho atuambie punje zimetoka ngapi na zilizobaki zimelifanya nini.