Chokaa haiokoi mahindi yaliyoota ukungu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wafugaji wa kuku: mahindi yaliyoota ukungu usiyatupe, yachemshe na chokaa, sumu itakwisha, kisha saga ulishe. Ujumbe huu unanikasirisha kwa sababu una chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Ni kweli maji ya chokaa hupunguza aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu. Hufungua molekuli yake, na ukisugua na kuosha vizuri, nyingine huondoka na maganda. Shida ni kwamba sehemu ya ile iliyofunguka hujifunga upya ikikutana na asidi, na tumboni mwa mtu, nguruwe au kuku asidi ipo tele. Halafu piga hesabu. Chukua mahindi yenye sehemu 200 kwa bilioni. Hata ukiondoa robo tatu, zinabaki 50, na kikomo cha Afrika Mashariki ni 10. Nani kijijini anajua alianza na ngapi? Sumu hii haina rangi wala harufu. Punje inaweza kuonekana nzima na bado imo. Bata na vifaranga huanguka mapema. Ng'ombe wa maziwa husimama imara, lakini sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu ya Uganda kwa ajili ya sumu hii, kilio kilikuwa cha biashara. Swali lililonisumbua mimi ni wapi huenda mzigo unaokataliwa. Chakula cha mifugo ndilo jalala la karibu, na sasa tunaambiwa chokaa italisafisha. Haitalisafisha. Dawa ya ukungu ni kukausha juu ya turubai mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kuchambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi, na kuhifadhi juu ya mbao, si sakafuni. Yaliyooza yafukiwe.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu chokaa kwenye mahindi mazuri ni jambo ninalolipigania. Watu wa Meksiko wamepika hivyo tangu kale. Mahindi yalipovuka bahari bila mapishi yake, maskini wa Hispania, Italia na baadaye kusini mwa Marekani wakapata pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika. Mahindi yana vitamini B3, ila imefungwa, na mwili hauipati mpaka maji ya chokaa au ya jivu yaifungue. Msidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, mgao wa karanga ulipokatika, waliugua pelagra zaidi ya 17,000. Anayekula posho (ugali) na maharage kila siku hana haja ya kuogopa, hilo nakubali. Lakini pale Kyangwali na Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi hapa Uganda, mgao unapopunguzwa na maharage ndiyo ya kwanza kuisha sufuriani, ujuzi huu ulipaswa kugawiwa pamoja na magunia.

Basi fanya hivi. Kwa kilo 5 za mahindi makavu, lita 15 za maji na gramu 50 za chokaa iliyozimwa, ya daraja la chakula. Pima kwa mizani. Chokaa ya kilimo haifanyi kazi hii kabisa, ile ya kupaka ukuta huwezi kujua ina nini kingine, na chokaa mbichi isiyozimwa huchemka ikiguswa na maji na kuunguza macho. Koroga chokaa kwenye maji baridi kwanza, tia mahindi, chemsha kwa moto mdogo dakika 30 hadi 45, epua, funika, acha mpaka asubuhi.

Sufuria za alumini tulizonazo jikoni ndizo zinazoharibu kazi. Maji ya chokaa huila alumini: utaona mapovu madogo yakipanda ubavuni, sufuria inageuka nyeusi, na alumini inaingia kwenye chakula. Tumia chungu, sufuria ya enameli isiyobanduka, au ya chuma kisichoshika kutu.

Asubuhi maji yatakuwa ya manjano na yanateleza. Finya punje kati ya vidole: ganda litoke lenyewe, na ukiikata katikati ubaki ugumu kidogo tu. Ganda likigoma, chokaa ilikuwa kidogo au mahindi ni ya zamani, yaongezee muda. Yakiwa machungu na yananuka kama sabuni, ulizidisha au hukuosha vya kutosha. Osha mara tatu huku ukisugua.

Kule Acholi na Lango, kaskazini mwa Uganda, ambako maji ya jivu huchujwa kwa kupikia boo (majani ya kunde), kazi nusu imeshajulikana. Jivu liwe jeupe, la kuni ngumu, si la mbao zenye rangi wala moto uliochomewa plastiki. Ganda litatoka na vitamini itafunguka, ila kalsiamu ya chokaa hutaipata.

Usipeleke punje zikiwa bado na majimaji kwenye mashine ya posho. Zitaziba chujio na mwenye mashine atakufukuza. Twanga kwenye kinu, saga kwa mashine ya mkono, au anika mpaka zikauke kabisa ndipo usage.

Kwa kuku wa mayai, ukiwapa mahindi haya, usifute maganda ya konokono kwenye mchanganyiko. Kuku huyo anahitaji kalsiamu karibu asilimia 4 ya chakula chake, na mahindi ya chokaa hayafiki hata karibu. Mukene (dagaa) na soya navyo vibaki palepale. Nguruwe wape yakiwa na majimaji siku hiyohiyo, maana hayakawii kuchacha. Yale maji ya manjano usimnyweshe mnyama yeyote wala usiyamwage karibu na bwawa la samaki. Yazimue kwa maji mengi, uyamwagie lundo la mboji.