Usimhukumu Mchezaji kwa Karata Iliyomwangukia

Nikitaja poka barazani, wengine hunitazama kama niliyetaja pombe. Wanaoujua mchezo kidogo hudhani najifunza kudanganya: uso mkavu, macho hayapepesi, mkononi garasa tupu na mdomoni maneno makubwa. Kisha huja swali: hayo yana faida gani kwa mtu ambaye kazi yake ni kutoa mizigo bandarini Kilindini? Jibu langu ni kwamba kudanganya ndilo funzo dogo kuliko yote katika poka. Kubwa ni kutenganisha uamuzi na matokeo yake, na sisi wa Mombasa tunalihitaji hilo kuliko tunavyohitaji daraja la Likoni.

Niondoe kwanza la pesa. Sisi hucheza kwa komwe, zile zile za bao, na usiku ukiisha komwe zote hurudi koponi. Kamari ni haramu. Aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida haina utata. Na hata asiye Mwislamu amekwisha kuwaona vijana wanaomaliza malipo ya siku nzima kwenye simu wakikodolea macho kindege kinachopaa. Wapo wazee wanaoikataa karata hata isiyo na dau, na nyumbani kwao siitoi mfukoni. Wapo pia wanaosema poka bila pesa si poka, kwani nani ataogopa kupoteza mbegu? Hao hawajaona watu wazima, wenye wake na madeni, wakigombania komwe saa tano za usiku.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu hugawiwa karata mbili za siri. Katikati hufunuliwa tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo tano ni za wote. Katika kila hatua unaamua: kuongeza dau, kulipa la mwenzio, au kutupa karata zako ukae pembeni. Aliyezoea mchezo wa karata wa wahedi wa sitini hujua kukumbuka karata zilizokwisha pita. Hapa shughuli ni kukisia zile usizoziona.

Ree mbili mkononi ndio mwanzo bora kuliko wote, nao hukujia kwa wastani mara moja katika migao 221. Ukizipeleka mpaka mwisho dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote tu, utashinda takriban mara 85 kwa 100. Maana yake mara 15 utafungwa, na mara nyingine atakufunga mtu aliyeshika saba na mbili, ambaye hakuwa na sababu ya kubaki mchezoni hata dakika moja. Usiku huo yeye ndiye bingwa, wewe ndiye mjinga. Watazamaji huhesabu komwe, hawahesabu mengine.

Sasa tizama tunavyohukumiana mjini. Mfanyabiashara mmoja tunayemtolea mizigo huagiza Uturuki mazulia, vyombo na nguo za kuuza Ramadhani. Oktoba 2023 alifanya yote yapasayo: aliagiza mapema, akalipa, akaacha nafasi ya meli kuchelewa. Novemba 19 Wahuthi wa Yemen wakaiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari Nyekundu. Kontena lake likapakiwa Desemba, mwezi ule ule ambao kampuni kubwa za meli zilianza kuuacha Mfereji wa Suez na kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Ramadhani ikaingia Machi. Mzigo ukafika watu wameshanunua nguo za Idd kwingine.

Jirani yake alilala. Alizinduka Ramadhani imebakisha wiki chache, akahaha, akachukua alichokipata Dubai, na njia ya Dubai kuja kwetu haipiti Bahari Nyekundu. Mzigo wake ukatua vizuri, akauza kwa bei aliyoitaka. Barazani hukumu ilitoka kabla kahawa haijapoa: huyu mjanja, yule ana nuksi. Nikawauliza, haya, kama mngekuwa na pesa za kumkabidhi mmoja wao akazifanyie biashara miaka kumi, mngempa nani? Pakawa na kukohoa kwingi. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, mimi ningempa mwenye bahati." Basi hapo ndipo tulipo.

Simtetei kila aliyepata hasara. Bahati mbaya nayo ni kisingizio chenye mwisho. Ambaye mwaka uliofuata aliagiza kwa hesabu ile ile ya siku, habari zimejaa dunia nzima, huyo hakupatwa na nuksi. Alikataa kuitazama karata iliyokwisha funuliwa. Kipimo ni kile mtu alichokuwa anakijua, au alichoweza kukijua, siku alipoamua. Tatizo ni kwamba matokeo yakishatoka, kila mtu hukumbuka kwamba alijua tangu mwanzo. Kwa hiyo ofisini, kabla ya jambo zito, huandika nyuma ya faili: leo tunajua nini, tunakisia nini, na kipi kikitokea tutabadilisha njia. Wenzangu walinicheka. Lakini siku ya kulaumiana, karatasi ile hufupisha kikao sana.

Hesabu nayo ni funzo, na si ngumu kama watu wanavyodai. Tuseme una kopa mbili mkononi, na katika karata tatu za mezani mna kopa mbili nyingine. Unahitaji moja zaidi utimize kopa tano, mkono ambao mara nyingi hushinda. Zimebaki kopa 9 katika karata 47 usizoziona, yaani karata ifuatayo itakuwa kopa kama mara 19 kwa 100. Katikati pana komwe 100, na kubaki mchezoni ni komwe 20. Lipa. Utakosa karibu mara nne katika kila tano, utoe 80, na mara ya tano uvune 100. Lakini gharama ikiwa 60, na karata ni zile zile, tupa. Ndoto haikubadilika, bei ndiyo iliyobadilika.

Nilimweleza haya mpwa wangu aliyechoka kutuma maombi ya kazi. Kutuma ombi moja ni nauli ya matatu na nakala chache za vyeti. Kukosa mara nyingi hakumaanishi anakosea, ndivyo hesabu ilivyo. Ila yule wakala anayetaka maelfu mkononi kwanza, kabla hata ya kumwonyesha mkataba wa hiyo kazi ya Ghuba, amepandisha bei ya kuendelea kutazama. Hapo karata hutupwa mezani, na mtu hurudi nyumbani kula wali wake.

Kutupa ndiko kunakotushinda wengi. Mchezaji mzuri wa poka hutupa karata zake mara nyingi kuliko anavyozicheza, na mgeni mezani huona uchovu mtupu. Rafiki yangu ana tuk-tuk ambayo imekula injini, kisha kabureta, kisha injini tena. Kila nikimwambia aiuze, hunijibu, "Nimeshatia pesa nyingi pale." Komwe ulizokwisha kuzisukuma katikati si zako tena; ni za atakayeshinda. Swali la haki ni moja: shilingi ninayotaka kuitia leo, peke yake, italeta nini? Yeye huona namtakia mabaya. Tuk-tuk iko gereji Majengo ninapoandika haya.

La hasira nitalipitia haraka kwa kuwa kila mtu analijua na hakuna anayelifuata. Ukishafungwa kwa karata ya mwisho isiyo haki, mgao unaofuata utaucheza kwa mori. Mimi nikigombana na mtu kaunta asubuhi, bei za wateja sizijadili mpaka baada ya chakula cha mchana.

Nirudi kwenye kudanganya, maana najua ndicho wengi wanachokisubiri. Mwaka 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda mabingwa wanne wa poka katika migao 120,000. Programu ile iliwatishia vizuri sana, yaani ilipandisha dau bila karata za kushinda ili wao watupe zao, na haina uso wa kukausha. Kumtisha mwenzio katika poka ni hesabu: mara ngapi, kwa kiasi gani, dhidi ya nani. Na mezani kila mtu amekubali tangu mwanzo kwamba atatishiwa. Dereva wa trela pale Changamwe hajakubali. Nikimdanganya leo kwamba mzigo uko tayari akapoteza siku getini, kesho nitakuwa na kontena linalohesabiwa gharama za kukaa bandarini, naye ndiye pekee mwenye gari. Mji huu ni kisiwa, jamani. Anayehubiri udanganyifu kazini kwa jina la poka labda hufanya kazi katika mji ambao watu hawakutani tena.

Wapo pia wanaotumia poka kuwapa vijana tamaa. Humtaja Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia mashindano ya dunia ya mwaka 2003 kwa kufuzu kupitia mchezo mdogo wa intaneti, akaondoka na dola milioni 2.5. Ni kweli tupu. Ni kweli pia kwamba walioketi siku ile walikuwa 839. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na hao walikuwa hawajaona simu.

Sidai kwamba poka inafanana na maisha kila mahali. Mezani najua karata ni 52, ree ni nne, na hakuna mtu atakayeleta ya tano. Bandarini hakuna aliyeniambia karata ni ngapi. Galaxy Leader haikuwa katika hesabu ya mtu yeyote niliyemjua. Asilimia zangu za kazini ni za kukisia, na nikizisema kwa sauti ya uhakika najidanganya mwenyewe, ambalo ni kosa baya kuliko kumdanganya dereva.

Yule mfanyabiashara wa mazulia safari hii ameigawa oda yake, nusu Uturuki, nusu Dubai. Analipa zaidi kidogo na faida itapungua mambo yakienda sawa. Barazani wanasema amekuwa mwoga.