Schütz alipobakiwa na waimbaji wachache

Ukitaja muziki wa kanisa wa Wajerumani, wengi wanamkimbilia mtunzi Bach. Mimi namrudia aliyezaliwa miaka 100 kabla yake, mwaka 1585 huko Köstritz, Ujerumani: mtunzi Heinrich Schütz. Na katika kazi zake zote, zinazonigusa zaidi ni zile ndogo kabisa.

Alianza na makubwa. Mtawala wa Hessen-Kassel, mojawapo ya dola za Kijerumani za wakati huo, alimsikia akiimba angali mtoto, kwenye nyumba ya wageni ya wazazi wake, akamchukua kumsomesha. Baadaye akamgharamia kwenda Venisi kujifunza kwa Giovanni Gabrieli. Mwaka 1619, akiongoza muziki wa mtawala wa Saksonia, dola nyingine ya Kijerumani, mjini Dresden, Schütz alichapisha Zaburi za Daudi. Humo kwaya mbili, tatu, hata nne zinaitikiana, na vyombo juu yake. Ni muziki wa nyumba yenye shibe.

Lakini Vita vya Miaka Thelathini, vilivyozikumba nchi za Wajerumani, vilikuwa vimeshaanza mwaka mmoja nyuma. Saksonia ikaingia vitani, mishahara ikakwama, waimbaji wakapungua. Schütz angeweza kuendelea kuandikia kwaya ambazo hazipo. Badala yake, mwaka 1636 na 1639 alitoa vitabu viwili vya nyimbo za sauti moja hadi tano, zikisindikizwa na kinanda tu. Cha kwanza kinafunguliwa na Zaburi ya 70, mtu akimwomba Mungu afanye hima kumwokoa. Anaimba peke yake. Mwanzoni ni kama anaongea tu, kinanda kimeshikilia noti ndefu chini yake, na kila neno linasikika. Hakuna kwaya ya kujificha nyuma yake.

Nimewahi kuwa kwenye kwaya iliyofika watu wanne Jumapili ya mvua kubwa, na tukaamua tusiimbe, tukiona aibu. Najuta mpaka leo. Tungeimba.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimheshimu. Vita viliisha mwaka 1648, malipo bado yakasuasua, na Schütz akawa anaandika barua baada ya barua kuwaombea watu wake. Katika mojawapo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1650, anamtaja mwimbaji wa besi asiye na hata tandiko, analala kwenye majani makavu, na koti lake ameliweka rehani. Mzee wa miaka zaidi ya 60, mjane tangu 1625, alikuwa akiomba apumzishwe, na bado anahangaikia koti la mwenzake. Makanisa yanayodhani mwimbaji hulipwa kwa baraka peke yake yasome barua ile.

Alipumzishwa mwaka 1657, baada ya mtawala yule wa Saksonia kufariki, lakini hakuacha kutunga. Akiwa na miaka 80 hivi aliandika Mateso ya Kristo kwa Injili ya Mathayo. Watu hawakosekani tena, kwaya ipo, ila safari hii hata kinanda kimenyamaza, kama ilivyokuwa desturi ya Dresden wakati wa Kwaresima. Mwinjili anasimulia kwa sauti tupu, na Yesu anapolia msalabani kwamba ameachwa, hakuna chombo hata kimoja cha kumshika mkono.