Adimu, ndiyo, lakini imesuguliwa?

Bei ya sarafu kongwe za Uingereza ikizungumzwa, wengi hushikilia kwamba uadimu ndio huiamua, si hali ya sarafu, na mfano haukosi kuwa peni ya 1933. Mwaka huo peni zilikuwa zimejaa tele kwenye mzunguko, kwa hiyo zikatengenezwa chache tu, nyingine za kuwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Mwaka 1970 wezi waliichimbua moja kanisani huko Leeds. Sarafu ya aina hiyo hata ikiwa na mikwaruzo wateja watagombania. Nusu-krauni ya 1905 nayo, sarafu nyingine ya zamani iliyotolewa 166,008 tu, hupata bei hata sura ya Mfalme Edward VII ikiwa imelika.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inahusu sarafu ambazo wengi wetu hatutazishika. Zilizomo makoponi na kwenye droo za bibi zilitolewa kwa mamilioni, na hizo huamuliwa na hali. Peni ya Malkia Victoria ya 1862 ilitengenezwa zaidi ya milioni 50. Ikiwa nywele za malkia zimefutika, inauzwa pauni moja au mbili. Ile isiyowahi kutumika, yenye wekundu wake wa awali, inaweza kuvuka pauni mia. Mwaka ni uleule, chapa ileile. Kwa kweli hata hapo uadimu upo, kwa kuwa zilizosalimika na mifuko na vidole vya watu ndizo chache.

Balaa ni kwamba mtu akisikia “hali nzuri” huelewa “inayong’aa”. Basi huichukua peni ya kahawia, akaipaka ndimu na majivu, au dawa ya meno, akaisugua hadi imetakata. (Wengine hupiga picha kabla na baada, kwa fahari!) Mng’ao wa sarafu mpya hutokana na metali kutiririka chini ya kishindo cha chapa, ukishaondoka haurudi. Sabuni na kitambaa huacha mistari myembamba ambayo mkusanyaji huiona kwa lenzi hata kabla hajasoma mwaka. Ile kahawia iliyotulia, iliyodharauliwa kama uchafu, ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Kampuni kubwa za Marekani zinazopanga sarafu kwa hali zake, kwa kipimo cha 1 hadi 70, kwa kawaida huinyima namba sarafu iliyosuguliwa hivyo. Huifungia kwenye plastiki na kuandika kwamba ilisafishwa.