Usisafirie nyota ya mwenzio

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja Wete kunitazama. Akakaa mkekani, akafungua mkoba wake na kunitolea karatasi tatu. Ya kwanza kazi ya nyumbani Maskati, na wakala yuko tayari kumlipia tiketi. Ya pili hoteli Doha. Ya tatu hospitali Ujerumani, maana kasomea uuguzi, lakini hiyo haianzi mpaka apate cheti cha Kijerumani. "Shangazi," akanambia, "nyumbani wote wanasema Maskati. Kiswahili kipo, joto tumelizowea, na hakuna vita. Wewe uliyekaa huko wasemaje?"

Maghrib ilikuwa imeshaingia, nikamjibu kwa mkato. Hapa namjibu sawasawa, yeye na kila msichana anayeambiwa maneno hayo hayo.

Kiswahili Maskati kipo, wala sikatai. Tangu enzi za Seyyid Said tumechanganyika, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilikwenda Oman na lugha yao. Nilipofika, bi mkubwa wa nyumba alinipokea mlangoni: "Karibu mwanangu, pole na safari." Machozi yalinitoka. Nikajiona nimefika kwetu.

Lakini mkataba nilioutia saini ulikuwa wa Kiarabu. Kiarabu changu ni cha chuoni: msahafu nausoma, herufi nazijua zote, ila mkataba sikuuelewa hata mstari. Kila nilipouliza habari ya siku ya mapumziko niliambiwa, kwa Kiswahili kizuri na kwa upole, kwamba karatasi haisemi hivyo. Pasipoti iliwekwa kabatini "isije ikapotea". Mwezi wa nane nikashikwa na ubavu, nikapelekwa kliniki. Muuguzi Mhindi ananiuliza kwa Kiingereza, daktari anauliza kwa Kiarabu, na mkalimani wangu ni mwajiri wangu. Nikasema maumivu yana wiki mbili. Nikamwona ananyoosha vidole viwili, anamwambia daktari, "yomeyn". Siku mbili. Neno hilo nalijua tangu chuoni.

Sikusema kitu. Ningesema kwa lugha gani?

Tangu siku ile lugha na usalama kwangu ni kitu kimoja. Watu wakiuliza "huko wanasema lugha gani?" wanafikiria sebuleni na sokoni. Mimi nataka kujua daktari anasema lugha gani, polisi anaandika kwa lugha gani, na karatasi yenye mshahara wako imeandikwa kwa lugha gani. Kiswahili cha bi mkubwa ni faraja kubwa, lakini siku mkigombana nacho kitakuwa upande wake, maana yeye ana cha pili na wewe huna.

Na joto. Jamani, tusidanganyane. Joto la kaskazi hapa kwetu unakaa barazani, upepo wa bahari unakupiga, usiku unalala. Maskati mwezi wa Juni nyuzi zinapita 40, na usiku hakupoi. Tangi la maji liko juu ya paa, linapigwa jua kutwa, kwa hiyo bomba la baridi linatoa maji ya kuunguza. Nilifundishwa na msichana wa Kifilipino wa nyumba ya jirani: zima mashine ya kuchemshia maji iliyo ndani, halafu koga kwa bomba lililoandikwa moto, ndilo lenye maji ya kiasi. Serikali ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti, na ni sheria nzuri. Lakini inamlinda fundi wa ujenzi. Anayesimama jikoni akikaanga sambusa za futari hana saa hizo. Tena Oman si moja: Salala wakati huo huo wa kusi kuna manyunyu na ukungu, milima inageuka kijani, na minazi na migomba imejaa. Basi usiulize nchi tu, uliza na mji.

Baridi ya Ujerumani nayo si mchezo. Desemba Berlin jua linakuchwa kabla ya saa kumi jioni, na najua kiza hicho kitamsumbua kuliko baridi yenyewe. Ila baridi mtu huivalia koti. Joto ukishavua cha mwisho umebaki nalo.

Kuhusu Doha sina mengi. Qatar ilibadilisha sheria mwaka 2020, mfanyakazi akaweza kuhama kazi bila ridhaa ya mwajiri, na hotelini angalau unafanya kazi mbele za watu.

Hilo la watu ndilo linalonikaa rohoni. "Hakuna vita" ni usalama wa nchi. Usalama wa mfanyakazi wa ndani unaanzia kwenye kitasa cha chumba chake, kama kinafungwa kwa ndani, na simu yake inalala kwa nani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi majumbani Oman na Emirati: pasipoti zilizochukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara isiyolipwa. Nilipoisoma sikushangaa. Ubalozi wetu upo Maskati, na namba ya polisi ni 9999, lakini vyote hivyo vinamfaa mwenye simu mkononi na ruhusa ya kufungua geti.

Siwasemi Waomani kwa ubaya. Wapo waliowatendea wenzangu kama watoto wao, na nyumba kadhaa za matofali hapa Wete zimesimama kwa riali. Kaka yangu ananitajia hizo hizo kila siku. Namwambia, aliyejenga kaangukia nyumba yake na watu wake, na mwanao ataangukia nyingine.

Kwa hiyo mimi nasema Ujerumani. Muuguzi kule kwa kawaida anatakiwa afike ngazi ya B2 ya Kijerumani, ni zaidi ya mwaka wa kusoma, na ada inauma. Lakini kufika hapo atakuwa anajua kumweleza daktari ubavu unauma tangu lini, na mkataba wake atausoma mwenyewe. Ada nimemwambia nitachangia, nina mikarafuu michache na msimu huu imebeba.

Jana usiku kanipigia. Keshapata mwalimu, ila baba yake bado hajakubali, na wakala anataka jibu Jumatatu. Kesho asubuhi napanda gari kwenda Chake kuzungumza na kaka yangu.