Jani Lilipona, Mimi Nikababuka

Kikundi chetu kilinichagua kiongozi kwa sababu ya sauti yangu tu, kemia haikuhusika. Jaribio lenyewe lilikuwa lile la kutafuta wanga kwenye jani: unalichemsha kwenye maji kidogo, unalitumbukiza kwenye neli (kijibomba cha kioo) yenye ethanoli, yaani spiriti, unaisimamisha neli ndani ya bika, gilasi ya maabara, yenye maji ya moto mpaka ukijani wote utoke, unalisuuza, unalidondoshea iodini uone kama litageuka buluu-nyeusi, dalili ya wanga. Basi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia barabara. Mwalimu alisema, "Kabla hamjaigusa ethanoli, zimeni moto," nami nikawageukia wenzangu nikalirudia kwa sauti nzito, kidole juu. Kisha nikaona maji yanaanza kutulia, nikawaza: yakipoa haya, tutakesha hapa. Kichomeo sikukizima, nilikipunguza. Kakabaki kajimoto ka adabu, ka buluu, kamejikunyata chini ya wavu. Kangemdhuru nani?

Hesabu yangu ilikuwa kwamba ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo maji ya moto yanatosha na moto wa akiba haudhuru. Nilichosahau ni kwamba ethanoli haingoji kuchemka ndipo iwake. Kwenye nyuzi 13 hivi tayari inatoa mvuke wa kutosha kushika moto. Ikiwa ndani ya maji ya moto ndiyo usiseme. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Haupandi darini. Unafurika mdomoni mwa neli na kuteremka ubavuni mwa bika, kimyakimya, kama paka anayeshuka kwenye meza aliyokatazwa. Na kule chini ukamkuta nani? Kajimoto kangu ka adabu.

Puuf!

Wala haukuwa mlipuko. Ilikuwa sauti ya mtu mnene anapojitupa kwenye mto. Neli ikavaa taji la moto. Wenzangu wawili wakaruka nyuma. Wa tatu, ambaye mpaka leo simwelewi, aliendelea kuandika. Mimi kiongozi nikafanya kama mbele ya mshumaa: nikavuta pumzi, nikainama, nikapuliza. Moto ukalala upande mmoja kwa heshima zote, kisha ukainuka kuja kunisalimia usoni. Miwani ya kinga nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeivaa kimtindo, imeinamia upande. Iliokoa macho yote mawili. Kuhusu vilivyo juu ya macho, haikuwa na msimamo.

Harufu ya nywele zilizoungua ikatanda. Nikaitazama neli: sioni kitu. "Nimeuzima!" nikatangaza, nikachukua daftari nijipepee.

Sasa, moto wa ethanoli ni wa buluu iliyopauka, na meza yetu ilikuwa mbele ya dirisha lenye jua kali. Nilimpepea simba nikidhani ametoka. Katikati ya daftari pakatokea doa la kahawia, saizi ya kifungo. Doa likawa sahani. Kisha likatoboka, kingo zake zikimeremeta wekundu, nami nikawa naliona dirisha kupitia maelezo ya usanisinuru.

Nikalitupa daftari kwenye sinki na kunyakua chupa ya maji. Mkono ukadakwa hewani. Alikuwa mzee wa maabara, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, na hata siku ile hakukimbia.

"Mwanangu," akasema, "hiyo soma kwanza."

Nikasoma. ETHANOLI. Kizibo wazi.

Akaichukua chupa, akaifunga, akaipeleka meza ya mbali. Akarudi, akafunga gesi. Kisha akachukua kisahani cha kauri, akakifunika juu ya mdomo wa neli kwa koleo, taratibu, kama mtu anayefunika maziwa. Akangoja. Moto ulikosa hewa, ukafa, na hakuna aliyeuona ukifa. Ndiyo maana alipitisha kipande cha karatasi juu, akiwa amekishika kwa koleo, kabla hajasema "haya."

Jani, kwa taarifa yenu, lilitoka safi ajabu, jeupe. Iodini ilipodondoka likageuka buluu iliyokolea hadi weusi, bora kuliko majani ya vikundi vyote. Nikaandika ripoti usiku ule kwenye daftari la kuazima. Penye Matokeo, nikaamua kuwa mkweli: "Jani lilipoteza rangi yake ya kijani. Kiongozi wa kikundi alipoteza nyusi."

Ripoti ilirudi na alama nzuri tu, ila pembeni ya sentensi ile mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Kuwa mahususi. Ngapi, na upande upi?"